Mume wa Shaba

Sanamu ya shaba ilipepesa jicho, na Nélida Scarpatti akalitambua jicho la marehemu mumewe.

Hapo ndipo tulipoachana Jumapili iliyopita, na najua mmeninung'unikia wiki nzima. Haya, yaishe. Mtaa ni uleule wa Defensa, asubuhi ni ileile, soko la Jumapili limefurika watu wanaonunua chupa kuukuu za soda wasizo na kazi nazo, na Nélida bado amesimama palepale, mwavuli wake wa njano wa kuongozea wageni mkononi.

Usiharakishe kumwonea huruma. Mwanamke huyu ana miaka hamsini na miwili, na miaka ishirini kati ya hiyo ameitumia kuwatembeza wageni Buenos Aires huku akiwadharau. Huwapeleka Recoleta, kwenye makaburi ya matajiri, wakapiga picha na mifupa ya watu wasiowajua hata jina. Huwapeleka La Boca, kwenye kichochoro cha mabati yaliyopakwa kila rangi, mahali ambapo hakuna anayeishi ila kila mtu anauza sura. "Hapa ni lazima muone," huwaambia kwa sauti ya asali. Moyoni huongeza neno jingine ambalo mhariri wangu hawezi kulipitisha.

Leo zamu ya kuona ilikuwa yake.

Ítalo Bermejo, mcheza dansi la tango, alizama miaka sita iliyopita kwenye mito ya Tigre. Mashua yake ilikutwa imepinduka, mwili haukuonekana, jaji akatangaza kwamba amekufa, na kaburi lisilo na mtu likajengwa makaburini Chacarita. Kila mwezi Nélida alipeleka waridi jekundu. Na Alhamisi hii, baada ya kulia mpaka machozi yakamchoka, angeolewa na don Evaristo Lamónica, mwenye ukumbi wa dansi wa La Glicina.

Sasa marehemu alikuwa amesimama juu ya kreti, kapakwa rangi ya shaba kuanzia kofia hadi kiatu, mguu mmoja mbele, mkono kifuani, kama wasimamavyo wale wote wanaojigeuza sanamu pale Defensa kutafuta riziki.

"Ítalo," Nélida akanong'ona.

Sanamu kimya.

"Usijifanye hunisikii. Sikio hilo la kushoto liling'atwa na mbwa wa shangazi yangu. Nililifunga bendeji mimi mwenyewe."

Sanamu kimya. Ila koo la shaba lilimeza mate.

"Dada Nélida, mbona tumesimama?" Huyo alikuwa doña Remedios, mmoja wa wageni wake, mjane mnene kutoka Uhispania, mwenye kofia ya ukindu na simu isiyoshuka kutoka usoni. Ni yeye aliyeng'ang'ania kwamba leo waanzie Defensa badala ya La Boca. "Huyu naye yumo kwenye vile vya lazima kuona?"

"Huyu ndiye wa kwanza," Nélida akajibu.

Kazi ile ina miiko yake. Anayeifanya hatikisiki, hata nzi atue puani, hadi sarafu ianguke kwenye kopo lake. Sarafu ikianguka, hana hiari, lazima ajigeuze. Na Ítalo, asiyewahi kutimiza ahadi hata moja maishani, alikuwa mtu wa kutimiza miiko.

Nélida akatoa sarafu, akaitupa. Kling!

Sanamu ikavua kofia, ikainama.

"Ulikufa lini, Ítalo? Maana mimi nilikuzika."

Wageni wakacheka. Kling!

Sanamu ikabusu hewa.

"Miaka sita nimekulilia, mshenzi we! Nimevaa nyeusi mpaka watoto wa jirani wananiita mtawa!"

Makofi! Naam, msomaji, wale watu walipiga makofi. Mwanaume mmoja akamnyanyua mwanawe mabegani aone vizuri. Doña Remedios alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya skafu, huku mkono wa pili ukiendelea kurekodi.

"Jamani, wanaigiza hawa! Kwetu Burgos hatuna kitu kama hiki." Akatia noti kwenye kopo.

Noti ina huduma yake. Sanamu ikashuka kutoka kwenye kreti, ikauchukua mkono wa doña Remedios, ikaubusu, ikaacha alama ya midomo ya shaba juu ya kidole. Doña Remedios akapiga kelele za furaha.

Nélida akainua mwavuli akaishindilia nao sanamu mgongoni. Mlio uliotoka haukuwa wa shaba hata kidogo. Watu wakashangilia zaidi.

"Nelly," sanamu ikasema bila kuchezesha midomo. "Niache nifanye kazi. Watu wanatuangalia."

"Kazi! Umefufuka halafu unaniambia kazi!"

"Leo alasiri, ukumbini. Nitakueleza yote." Akapanda tena kwenye kreti, akaweka mkono kifuani. Kisha, kabla hajaganda: "Ila usimwambie Evaristo."

Nélida akaushusha mwavuli.

Ítalo alipozama, Evaristo alikuwa bado hajaununua ule ukumbi. Watu wale wawili hawajawahi kupeana mkono. Sasa maiti hii imelijua wapi jina la mchumba wake?

*

Alasiri ile La Glicina ilijaa kama ilivyo kila Jumapili. Si ukumbi wa wageni, na Nélida ndiye aliyehakikisha hivyo. Wageni wake huwapeleka kule kwenye tango la chakula, ambako msichana hurusha mguu juu ya kichwa cha mwanaume na watu wanatafuna nyama. Alikuwa ameshawaacha huko tayari, na doña Remedios akiwa mbele ya sahani.

Kwenye ukumbi wa kweli hakuna anayerusha mguu. Wanaume wanakaa upande huu, wanawake upande ule, na katikati ni sakafu. Mwanaume haendi kwenye meza ya mwanamke kunyoosha mkono, hiyo ni adabu ya wageni na walevi. Anamtazama kutoka kwenye kiti chake. Mwanamke akimtazama naye, mwanaume anainamisha kichwa kidogo. Mwanamke akiinamisha chake, wamekubaliana. Asiyetaka anaangalia pembeni, na hakuna aliyeaibika.

Aliyepanga nani akae wapi alikuwa Pirucha, mwanamke mwembamba kutoka mji wa Rosario, sauti yake imekaukia kwenye sigara. Yeye ndiye aliyeweka muziki, yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti, na wachezaji wabovu aliwaweka karibu na choo bila kuwaonea haya.

"Una nini wewe?" akamuuliza Nélida. "Umepauka kama unga wa ngano."

"Pirucha, leo akija mtu usiyemjua, mwembamba, sikio la kushoto limekatika..."

Hakumaliza. Mlango ulishafunguka.

Ítalo alikuwa amenawa. Shati jeupe, nywele zimelala kwa mafuta, viatu vinang'aa. Kama si shaba iliyobaki ndani ya masikio ungesema ni mtu wa heshima.

Pirucha alimtazama kitambo kirefu, sigara ikijilia yenyewe kati ya vidole. Nélida alidhani atamfukuza. Badala yake akamshika kiwiko, akampeleka safu ya mbele kabisa, akamkalisha mbele ya meza ya don Evaristo. Safu ile hapewi mgeni. Nélida akashangaa, lakini hakuwa na nafasi ya kushangaa sana kwa sababu muziki ulikuwa umeanza.

Don Evaristo alikuwa mtu wa miaka sitini, masharubu yamepakwa rangi, tai imenyooka, mpole hadi anachosha. Dansi la kwanza la Jumapili lilikuwa lake na Nélida siku zote. Akainua macho kama kawaida, akamtafuta mchumba wake ng'ambo ya sakafu, akainamisha kichwa.

Nélida alitaka dakika moja tu ya kumwambia. Akainamisha chake.

Ítalo akasimama.

Kosa hili kila anayecheza kwenye kumbi zetu limeshamkuta. Mstari wa jicho ni mmoja, wanaume wawili wamekaa mbele na nyuma, na wa mbele anaibeba salamu ya wa nyuma. Dawa yake inajulikana. Wa nyuma anasimama, wa mbele anamwona, anaomba radhi, anarudi kukaa. Watu wanacheka kidogo, yanaisha.

Evaristo alikuwa ameshainuka nusu. Akakiona kile kisogo mbele yake. Na msomaji, hakushtuka! Hakushika moyo, hakutaja jina la Bikira Maria. Alikunja uso kama mwenye nyumba aliyemwona mpangaji anapita mlango aliokatazwa. Kisha akakaa.

Nélida aliyaona yote hayo.

Angeweza kukataa? Asingeweza. Mwanamke aliyekwisha kuinamisha kichwa hakatai, hata aliyemjia awe shetani. Ítalo akafika, akafungua mkono, na Nélida akaingia kwenye mkono wa maiti mbele ya watu wote.

Kwenye tango hakuna kuzungumza miguu ikitembea. Dansi moja ni nyimbo nne mfululizo, na maneno husemwa pale wimbo mpya unapoanza, watu wanapojifanya wanausikiliza muziki kidogo kabla ya kushikana. Kwa hiyo ukweli ulimjia Nélida vipandevipande.

Kibaya zaidi ni kwamba miguu yake ilimkumbuka. Miaka sita ya kaburi, na bado goti lake lilijua goti la yule mwanaume linaelekea wapi. Aliona haya, akajichukia kwa hilo.

Wimbo wa kwanza ukaisha.

"Unanuka rangi," akasema.

"Haitoki kirahisi."

"Ulikuwa wapi?"

"Montevideo." Akatazama viatu vyake. "Na yule binti aliyekuwa anatunza makoti ya wachezaji."

"Yule wa meno ya nje?"

"Yule. Tuliipindua mashua sisi wenyewe. Baadaye akaniacha."

"Kumbe ana akili."

Wimbo wa pili ukawachukua. Wakazunguka ukumbi mzima, na kila walipopita mbele ya don Evaristo, don Evaristo alisoma lebo ya chupa ya maji.

"Unamjuaje Evaristo?"

"Mwaka jana nilirudi. Nilikuja hapa kukuulizia, nikabisha mlango wa nyuma, akafungua yeye. Nilipotaja jina langu akanivuta ndani upesi." Ítalo akashusha sauti. "Amenipangishia chumba mtaa wa Barracas. Hii kazi ya usanamu kanitafutia yeye. Sharti lake nisinawe uso mbele ya mtu anayenifahamu. 'Kaa shaba hadi Alhamisi,' akaniambia. Na akaniapia kwamba Jumapili asubuhi wewe unakuwa La Boca."

"Na wewe ukakubali."

"Njaa, Nelly."

"Nilikuwa kilomita nne kutoka hapo ulipolala, nakuchagulia maua ya kaburi!"

"Shh. Muziki."

Wimbo wa tatu. Huo Nélida hakuusikia. Alikuwa anaona kichwani mwake Jumapili zote za mwaka mzima, Evaristo amemkalisha hapa, anamimina soda, anamwuliza kwa upole, "Bado unamuota marehemu, mpenzi?" huku akijua marehemu yuko Defensa anabusu hewa.

Wimbo ukaisha.

"Kwa nini hadi Alhamisi?" akauliza.

"Mwulize mwenyewe. Ni mambo ya sheria, mimi sikuyafuatilia." Ítalo akamsogelea, akaweka ile sauti aliyoitumia zamani alipotaka kitu. "Mimi nataka kurudi nyumbani, Nelly. Tusahau. Kofia yangu bado iko nyuma ya mlango?"

Nélida akamtazama kuanzia nywele zenye mafuta hadi kwenye shaba ya masikioni.

"Asante," akasema.

Kwenu asante ni neno zuri. Kwenye sakafu ya tango, kati ya wimbo na wimbo, asante maana yake ni: sitaki tena, umenichosha, rudi ulikotoka. Wapo wanaume waliobadilisha mtaa kwa sababu ya asante moja. Nélida aliisema kwa sauti, kisha akageuka na kumwacha Ítalo Bermejo katikati ya ukumbi, mkono umefunguka, hamna mtu ndani yake. Meza za wanawake ziliguna kwa pamoja.

Wimbo wa nne ukaanza, na Nélida akafanya jambo la pili lisilofanyika. Akavuka sakafu, akaenda meza za wanaume, akavuta kiti, akakaa mbele ya don Evaristo.

"Ulijua."

"Nélida, kipenzi, punguza sauti."

"Mwaka mzima!"

"Nisikilize." Evaristo akaisogeza chupa pembeni, akaunganisha vidole. "Nilimwona wakili. Mjane akiolewa huku anaamini mume amekufa, ndoa yake mpya inasimama. Marehemu anaweza kurudi kesho yake na bendi, hana lake. Lakini mjane akijua kwamba mume yu hai, basi hakuna ndoa, yeye bado ni mke wa mtu. Umeelewa sasa? Nilikuwa nakulinda usijue! Siku nne tu zilibaki. Alhamisi ungetoka ofisini kwa msajili wa ndoa unamwagiwa mchele wa maharusi, mke wangu halali, na huyu mjinga angebaki shaba maisha yake yote."

"Na mimi ningeendelea kupeleka waridi Chacarita."

"Yale maua," akasema Evaristo, na hapa alionekana ameumizwa kweli, "yale maua mwaka huu wote nimeyanunua mimi."

Nélida alikumbuka jinsi alivyokuwa anamshukuru. Alikumbuka alivyowahi kumwambia Pirucha kwamba mwanaume anayemnunulia mwanamke maua ya mume wa kwanza hapatikani tena duniani. Dharau ilimpanda, nayo kwa mara ya kwanza haikuwa ya wageni.

Ítalo alikuwa ameshafika mezani. Hakualikwa. Akakaa.

"Don Evaristo, mimi sikusema neno. Ni yeye aliyenitambua."

"Ulitakiwa usipepese macho!"

"Vumbi, bwana. Ungejaribu wewe kusimama kwa saa nne."

"Basi sikilizeni wote wawili." Evaristo akainama mbele, macho yakiruka huku na huku. "Hadi sasa nani anajua? Mimi, wewe na yeye. Hapa ukumbini wamemwona mwanaume ameambiwa asante, basi. Wengi wao hawajamtambua. Tukinyamaza hadi Alhamisi, Nélida anasema mbele ya msajili kwamba hajui lolote, na yamekwisha. Ítalo, wewe unarudi Montevideo. Nauli na suti mpya."

"Suti mbili," akasema Ítalo.

"Mbili."

"Na ile sehemu yangu pale Defensa umpe binamu yangu."

"Nitampa."

Wakapeana mikono.

Juu ya meza, mbele ya pua ya Nélida, wanaume wale wawili walipeana mikono kama watu waliouziana farasi. Ítalo alitabasamu kabisa. Hakuna aliyemwuliza Nélida anaonaje.

Na hapa, msomaji, nataka umwelewe vizuri huyu mwanamke. Alikuwa na nafasi ya kutoka salama. Uongo mmoja mdogo mbele ya msajili, na angeolewa, angekuwa na nyumba, na yule mpumbavu angeondoka kwenye maisha yake akiwa na suti mbili. Akisema ukweli, ndoa ya Alhamisi imekufa, naye anabaki mke halali wa Ítalo Bermejo, pengine kwa miaka, hadi mahakama imwachie. Alilijua hilo.

Akasimama.

"Unaenda wapi?" akauliza Evaristo.

"Kuaga."

Wimbo wa nne ulikuwa unaisha. Nélida akapanda lile jukwaa dogo la Pirucha, akakinyakua kipaza sauti kabla Pirucha hajauliza. Wachezaji waliokuwa wanarudi vitini wakasimama. Evaristo akainuka, akagonga meza, chupa ikaanguka.

"Nélida! Mama, usifanye hivyo!"

"Mabibi na mabwana," Nélida akasema, na sauti ikamtoka ileile ya kazini, ile ya asali. "Kazi yangu mnaijua. Huwaonyesha watu vitu vya lazima kuona. Leo nina kimoja. Yule pale, mwembamba, mwenye shaba masikioni, ni Ítalo Bermejo, mume wangu, niliyemzika Chacarita na wengi wenu mkaja mkalia. Hakufa. Alikimbia na mtunza makoti. Na yule aliye pembeni yake, anayeokota chupa, ni mchumba wangu, aliyemficha mwaka mzima ili anioe kwa kunifumba macho. Sasa hivi wamemaliza kuniuza kwa suti mbili. Tafadhali msiwaguse. Mnaweza kuwapiga picha."

Hakucheka mtu. Bibi mmoja wa safu ya pili, aliyekuwa ametoa shada kubwa siku ya mazishi, akamtemea Ítalo mate, yakamfikia kiatuni.

Ítalo akainua mikono. "Nelly, mke wangu, twende tukaongee nyumbani. Mbele ya sheria bado mimi..."

"Si mke wako."

Aliyesema hivyo hakuwa Nélida.

Alikuwa Pirucha. Alikuwa amesimama nyuma ya jukwaa, hana kipaza sauti, lakini sauti yake kavu haikukihitaji. Sigara yake ilishazimika na hakuwa ameitupa.

"Nélida, teremka," akasema. "Unajidhalilisha bure kwa ajili ya mtu asiye wako. Huyo si mume wako. Hajawahi kuwa."

"Pirucha, unasema nini?"

"Alinioa mimi. Kule Rosario, wewe ulikuwa bado hujamjua hata jina. Aliniambia anakwenda mji mkuu kutafuta kazi ya dansi, ataniita. Hatujaachana mpaka leo. Kwa hiyo alipokuoa wewe alikuoa akiwa na mke, na ndoa hiyo ni hewa." Akamtazama Ítalo, na Ítalo akaangalia pembeni, kama mwanamke asiyetaka kucheza. "Nilikuja hapa kumtafuta. Nikaambiwa amezama, nikakuta kaburi na mjane. Nikaona wanawake wawili hawawezi kugombania jeneza lisilo na mtu. Nikanyamaza. Ulikuwa unalia sana, nami sikutaka kukuongezea."

Nélida akashuka ngazi moja, akaishika ile ya chini kwa mkono, akaketi. Miaka sita amekuwa mjane wa mume wa mwenzake. Alitaka kulia, alitaka kumkumbatia Pirucha, alitaka kumpiga. Hakufanya hata kimoja.

Wa kwanza kupata fahamu alikuwa don Evaristo.

"Yuko huru!" Akaipiga ngumi hewa, masharubu yakicheza. "Mmesikia wote? Hana mume! Hajawahi kuwa na mume! Nélida, mpenzi wangu, Mungu ametuonyesha njia. Alhamisi iko palepale! Nani angejua? Nani angefikiria jambo kama hili?"

"Acha kujitia mshangao, Evaristo," Pirucha akasema.

Ngumi ya don Evaristo ikabaki juu.

"Nilimweleza siku ile ile niliyokuja kuomba kazi," Pirucha akaendelea, akimtazama Nélida peke yake. "Miaka mitano iliyopita. Alijua huna ndoa ya kuvunjwa. Hayo ya wakili na msajili amekuimbia tu, ili uogope na ufunge mdomo."

Nélida akageuka polepole.

"Kwa nini, Evaristo? Kama ulijua niko huru, ulimficha ya nini?"

Evaristo alishusha mkono. Kwa mara ya kwanza tai yake ilikuwa imepinda, na akasema kwa sauti ndogo ambayo hata wa safu ya tatu waliisikia, maana hakuna aliyekuwa anapumua.

"Niliogopa ungemchagua yeye."

Basi hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kaburi lilimuuma, maua yalimuuma, suti mbili zilimuuma. Lakini kwamba mtu aliyekula naye, aliyetaka kulala naye kitanda kimoja hadi uzee, aliamini angeweza kumrudia yule takataka kama angepewa kuchagua! Akamtazama Evaristo. Akamtazama Ítalo, ambaye alikuwa ameanza kutengeneza nywele, maana alisikia neno kuchagua.

Nélida akasimama, akajipangusa sketi, akakichukua tena kipaza sauti.

"Alhamisi saa tano asubuhi, ofisi ya ndoa," akauambia ukumbi. "Nawaalika wote, na mchele mje nao. Bibi harusi atakuwepo." Akakohoa kidogo. "Bwana harusi ndiye ambaye bado sijampata."